Mtembea bure si sawa na mkaa bure

Ndugu msomaji, mazungumzo ya juma hili, ambayo baadhi yenu mmekwisha kuyasikia redioni, yanahusu miguu. Si miguu ya wachezaji wa mpira, ambayo magazeti huiandika kila siku, bali miguu ya baba na mama zetu waliovuka miaka 60. Madaktari wanatuambia kwamba mazoezi mepesi ya kila siku ni kinga kubwa kwa mtu mzima. Yanapunguza hatari ya kisukari na ya kiharusi, yanasaidia kushusha shinikizo la damu, yanaimarisha mifupa, na yanamfanya mzee asianguke ovyo. Lakini wengi wetu tukisikia neno mazoezi tunafikiria raba, suti za michezo na vijana wanaotoka jasho alfajiri. Tunasema, hayo si ya wazee. Mimi nasema historia ya Kilimanjaro inatueleza vingine.

Tuanze na jinsi mlima ule ulivyokaliwa. Mchaga wa zamani alikuwa na mahali pawili pa kulima. Juu, penye ubaridi na mvua, palikuwa na kihamba: nyumba, migomba, baadaye na kahawa, na ng'ombe waliofungwa zizini. Chini, penye joto, palikuwa na shamba la mahindi, maharage na ulezi wa kutengenezea mbege. Kati ya kihamba na shamba palikuwa na mteremko, na usafiri ulikuwa ni miguu tu. Ng'ombe wa kihamba hakwenda malishoni. Malisho ndiyo yaliyomfuata, yamebebwa kichwani na akina mama kutoka bondeni. Wanaume nao walikuwa na mifongo, ile mifereji inayochukua maji ya mito huko juu na kuyazungusha vilimani kwa kilomita kadhaa mpaka migombani. Mfongo ulipobomoka watu waliitwa, wakapanda, wakauzibua kwa pamoja. Hata kumjulia hali jirani wa ng'ambo ya korongo, liwe la Weruweru, la Karanga au la Rau, ilikuwa kazi ya kushuka mpaka majini na kupanda tena upande wa pili.

Hakuna aliyeyaita hayo mazoezi. Yalikuwa maisha. Na jambo ninalotaka tulishike hapa ni kwamba mzee hakuondolewa katika maisha hayo. Mzigo wake ulipunguzwa, na mwendo wake ulisubiriwa, lakini njia haikufungwa. Meku mwenye mvi alishika fimbo yake akaenda kukagua mfongo, akaenda kusuluhisha ugomvi wa mipaka, akaenda kunywa mbege kwa rafiki yake. Bibi aliyekwisha kuacha kubeba mkungu mzima alibeba chane mbili tatu, akaenda nazo sokoni. Umri ulimpunguzia kazi, haukumwachisha kutembea.

Wageni nao waliukuta mlima ukitembewa hivyo, na wao wenyewe walikuja kwa miguu. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona Kilimanjaro na theluji yake mwezi Mei 1848, alikuwa ametembea kutoka Rabai, karibu na Mombasa. Reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, mji ulikua pale chini kwenye stesheni, na Moshi ya zamani ikabaki juu. Kuanzia hapo watu wa mlimani walipata safari nyingine ya kushuka na kupanda: kwenda mjini. Wakulima wa kahawa waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichopata sifa Afrika nzima. Tunapokisifu chama kile huwa tunakumbuka bei za kahawa na watoto waliosomeshwa. Tukumbuke pia kwamba magunia yale, kabla ya kupandishwa kwenye lori, yalitoka kihambani kwa kichwa na bega mpaka kwenye chama cha msingi.

Mimi nimezaliwa Kibosho, na hayo nilikuta mabaki yake. Bibi yangu mzaa baba hakujua neno mazoezi. Alijua kwamba siku ya soko huendwa sokoni, na kwamba Jumapili huendwa kanisani. Alipanda na kushuka polepole, akisimama penye mti mkubwa kupumua na kusalimiana na wapitao. Salamu za Kichaga, kama mjuavyo, si za haraka: utaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe. Sisi wajukuu tulidhani anasimama kwa ajili ya maneno. Leo, baada ya miaka mingi ya kuwahoji madaktari, naona kwamba bibi alikuwa anafanya kile wanachokiandika vitabuni: kutembea kwa kadiri, kupumzika kwa kadiri, na kukutana na watu.

Sasa, mtu anapozungumzia miguu na maisha marefu ya Kilimanjaro, lazima atatajiwa Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu. Inasimuliwa kwamba alikuwa miongoni mwa walioongoza msafara wa Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, waliofika kileleni Kibo mwezi Oktoba 1889. Mzee Lauwo alifariki mwaka 1996, na wako wanaosema aliishi zaidi ya miaka 120. Mimi sitaki kujenga hoja yangu juu ya hesabu hiyo. Umri wake unabishaniwa, na hata kuwepo kwake katika safari ile kunabishaniwa na baadhi ya wanahistoria. Kisichobishaniwa ni kwamba alifanya kazi ya kuongoza wageni mlimani kwa miaka mingi sana, na kwamba aliishi mpaka uzee mkubwa. Hilo latosha kumheshimu. Kama ushahidi wa kitabibu, mtu mmoja hatoshi.

Wala nisieleweke kwamba nasifu kila cha zamani. La hasha. Maisha yale yalikuwa na mateso yake. Akina mama waliobeba mizigo ya majani tangu usichana waliumia shingo na migongo, na wengi walizeeka kabla ya wakati wao. Watoto walikufa kwa surua na malaria, na watu wengi hawakuufikia huo uzee tunaouzungumza. Kubeba gunia kupanda mlima si mazoezi mepesi. Ni kazi ya sulubu, na heri lori limekuja. Ninachouliza ni kimoja tu: tulipoupakia mzigo kwenye lori, kwa nini tulimpakia na mzee?

Hapa kuna ushahidi kutoka mbali kidogo, kisha turudi nyumbani. Mwaka 1953 daktari wa Kiingereza, Jerry Morris, na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mjini London. Katika basi moja kulikuwa na watu wawili wa kampuni moja: dereva, aliyeketi kutwa nzima, na kondakta, aliyepanda na kushuka ngazi kutwa nzima akikatisha tiketi. Ilionekana kwamba makondakta waliugua ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipougua, haukuwaua haraka kama ulivyowaua madereva. Wataalamu walibishana sana, wengine wakisema labda wanene ndio waliochagua udereva. Lakini tafiti nyingi zilizofuata zililiunga mkono jambo lenyewe: mwili unaotembea una kinga ambayo mwili unaokaa hauna. Ndugu msomaji, ngazi za basi lile na mteremko wa Kibosho ni mwalimu mmoja.

Na kwetu je? Mwaka 1989 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioongozwa na Profesa Donald McLarty wa Muhimbili. Walipimwa watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia. Kisha, mwaka 1996 na 1997, watafiti walilinganisha watu wa Ilala, Dar es Salaam, na watu wa kijiji cha Shari, mkoani Kilimanjaro. Ilala, wanaume wenye kisukari walikuwa asilimia 5.9 na wanawake asilimia 5.7. Shari, wanaume walikuwa asilimia 1.7 na wanawake asilimia 1.1. Damu ni ile ile ya Watanzania. Kilichotofautiana, walisema watafiti, ni mambo ya maisha ya mjini, na kati ya hayo walitaja unene na kutoushughulisha mwili.

Wengine walihesabu kiharusi. Kati ya mwaka 2003 na 2006 waliwafuatilia watu wa wilaya ya Hai na watu wa sehemu ya Dar es Salaam. Baada ya kurekebisha hesabu kwa tofauti za umri, waliopata kiharusi kwa mara ya kwanza katika kila watu 100,000 kwa mwaka walikuwa karibu 109 kule Hai na karibu 316 Dar es Salaam. Ni karibu mara tatu. Lakini niwe mkweli kwenu: kutembea peke yake hakutoshi. Wazee wa Hai wenye miaka 70 na zaidi walipopimwa, karibu saba katika kila kumi walikutwa na shinikizo la damu lililopanda, na wengi hawakuwa wakijua. Kwa hiyo mwenye dawa zake asiziache eti kwa kuwa anatembea. Miguu na zahanati ni ndugu; kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Tuulize sasa, kutembea kunafanya nini hasa mwilini? Tangu makamo misuli ya binadamu huanza kupungua, na isipotumika hupungua kwa haraka zaidi. Misuli ndiyo inayotumia sukari iliyomo kwenye damu; ikilala, sukari hubaki inazunguka. Mifupa nayo huwa imara inapobeba uzito wa mwili. Moyo unaozoeshwa kidogo kidogo husukuma damu bila kujitesa. Na uwiano wa mwili, yaani ule uwezo wa kujishika unapojikwaa, hupotea kwa mtu asiyetembea. Ndipo mzee anaanguka bafuni, anavunjika nyonga, na kutoka hapo kitandani hainuki tena.

Yako hata mambo yanayouhusu mteremko wenyewe. Madaktari wa Austria, nchi ya milima kama sisi, waliwapandisha watu mlima kwa miguu na kuwashusha kwa gari la kamba kwa miezi miwili. Kisha wakageuza, wakapanda kwa gari na kushuka kwa miguu. Kupanda kulipunguza mafuta ya aina fulani katika damu; kushuka, ambako watu hukudhania si kazi, kuliusaidia mwili kuitumia sukari vizuri zaidi. Wale bibi zetu waliokwenda sokoni chini na kurudi walipata yote mawili kwa safari moja.

Na asiseme mtu kwamba mzee wake amekwisha kuchelewa. Mwaka 1990 huko Boston, Marekani, wazee wachache wa umri wa miaka 90 hivi, waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee, walifanyishwa mazoezi ya kuimarisha mapaja kwa wiki nane. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Mwaka 2014 yakatolewa matokeo ya utafiti mkubwa zaidi wa huko huko Marekani, wa watu 1,635 wenye miaka 70 hadi 89. Kundi moja lilipewa masomo ya afya tu. Jingine lilipewa mpango wa kutembea pamoja na mazoezi mepesi ya nguvu na uwiano. Waliotembea walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufikia hali ya kushindwa kutembea. Kwa maneno mengine, miguu hutunzwa kwa kutumiwa.

Wazee wa redio walionitangulia wamenisimulia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, nchi nzima, wakiizunguka redio, wakasoma juu ya malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Ilikuwa kazi kubwa, na sisi wa redio tunajivunia mpaka leo. Lakini angalieni orodha hiyo. Somo la kutembea halikuwamo. Lingekuwamo kwa lipi? Wasikilizaji wenyewe walikuja kwenye kikundi kwa miguu na kurudi kwa miguu. Taifa halikuhitaji kuhimizwa kufanya lile ambalo lilikuwa linalifanya kila siku. Leo mambo yamegeuka, hata mwezi Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya kujinyoosha. Kati ya 1973 na 2016 tumesafiri kutoka kuogopa minyoo mpaka kuogopa viti vyetu wenyewe.

Na sasa nafika kwenye jambo linaloniuma. Barabara za lami zimepanda mlimani, na ni jambo jema. Mgonjwa anafika KCMC kabla hajazidiwa. Bodaboda ziko kila kona. Maji yako bombani. Watoto wa Kilimanjaro, ambao ndio ninyi wasomaji wangu wengi wa mjini, mnapeleka fedha nyumbani. Na kila Desemba mnapanda mabasi kurudi kuwasalimu wazee. Mnafanya nini mkifika? Mama akiinuka kuchukua ufagio, mnamnyang'anya. Baba akitaka kwenda kuangalia migomba, mnamwambia, "Mzee pumzika, umefanya kazi ya kutosha." Mnaajiri kijana wa kukata majani na binti wa kupika mtori. Mnanunua kochi kubwa na televisheni. Wengine mnawachukua kabisa, mnawapeleka Dar es Salaam, mkawaweka sebuleni ndani ya ukuta wenye geti, mahali ambapo hawamjui jirani wala hawana pa kwenda. Mnafanya hayo kwa mapenzi na kwa heshima. Kisha baada ya mwaka mmoja mnashangaa: mbona mama alikuja anatembea, na sasa hawezi kufika chooni bila kushikwa mkono?

Heshima ya aina hiyo ni ya kufikiriwa upya. Mzee hakuombi umwondolee miguu. Anaomba umwondolee mzigo.

Tufanye nini basi? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima, hata aliyevuka miaka 65, apate walau dakika 150 za mwendo wa kadiri kwa juma. Ukizigawa ni kama nusu saa kwa siku tano, na si lazima nusu hiyo iwe ya mfululizo. Dakika kumi asubuhi, kumi mchana na kumi jioni zinahesabika. Kipimo cha mwendo ni rahisi: mzee aweze kuzungumza na mwenzake akiwa anatembea, ila asiweze kuimba. Akishindwa kuzungumza, amezidisha; apunguze. Shirika hilo linashauri pia mazoezi ya uwiano na nguvu siku tatu kwa juma. Hayahitaji chombo chochote: kuinuka kitini na kuketi tena mara kadhaa bila kujisukuma kwa mikono, au kusimama kwa mguu mmoja huku ameshika mlango.

Aliyekaa muda mrefu aanze kwa dakika tano, na aongeze juma kwa juma. Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuishiwa pumzi au ugonjwa wa moyo aonane na daktari kwanza. Mwenye magoti mabovu atafute njia tambarare, maana kushuka mteremko mkali huyaumiza. Wakati wa masika, udongo wa mlimani unapoteleza, asitoke bila fimbo na viatu vinavyoshika. Na anywe maji.

Kubwa kuliko yote, apewe sababu ya kutoka. Hakuna mzee atakayezunguka nyumba mara kumi kwa kuwa daktari amesema. Atachoka siku ya tatu. Lakini atakwenda kanisani au msikitini. Atakwenda kununua chumvi. Atakwenda kumwona mwenzake aliyelazwa. Atapalilia bustani ya mchicha akiambiwa kwamba mchicha huo ndio mboga ya jioni. Wazee wa mlimani walitembea kwa sababu walikuwa na mahali pa kwenda na watu wanaowangoja. Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa ya nchi yetu yenye sehemu kubwa ya wazee, na vijana wake wengi wako mbali. Pesa ya simu inafika kwa dakika moja, lakini haimtoi mtu kitini.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliye Kariakoo, Arusha au Mwanza, ukipiga simu nyumbani jioni ya leo, usiishie kuuliza, "Mama, umekula?" Muulize pia, "Mama, leo umekwenda wapi?" Akijibu kwamba hakwenda popote, juzi hakwenda, na jana hakwenda, ujue hiyo ni habari ya ugonjwa, ingawa yeye atakwambia hajambo.